Programu ya kutafsiri iliyoniambia straika kafunga "kwenye kifo"

Hii programu ya kutafsiri ninayo kwenye simu mwezi wa nne sasa na naitumia karibu kila siku, kwa sababu habari za mpira nazisoma za Kiingereza, na Kiingereza cha kawaida nakielewa vizuri tu ila kile cha waandishi wa michezo kina mambo yake.

Kilichonifanya niandike ni hiki, nimekuta kichwa cha habari kinasema straika kafunga "at the death", nikabonyeza, ikaja "alifunga kwenye kifo". Jamani moyo ulinilipuka. Tangu Eriksen, mchezaji wa Denmark, aanguke uwanjani moyo umesimama kwenye mechi ya Denmark na Finland, Euro 2020 iliyochezwa 2021, mimi neno kifo likikaa karibu na mpira situlii kabisa, nikasoma habari yote mpaka mstari wa mwisho natafuta nani amefariki. Hakuna mtu. Goli lilikuwa la dakika ya 93 basi. Kumbe ni zile zile dakika za lala salama! Wao mechi wanaiona inakata roho, sisi tunaiaga ikalale, na programu haijui lolote kati ya hayo mawili.

Ikabidi niijaribu vizuri. "Clean sheet" ikanipa "shuka safi", kipa wa watu kadaka dakika tisini hajaruhusu goli anaambiwa habari za shuka. "Nutmeg" ndo ilinisikitisha zaidi, ikaandika winga kampa beki kungumanga, kile kiungo kabisa cha kwenye pilau, wakati sisi tuna neno letu tamu fupi, tobo, kapigwa tobo mpira umepita katikati ya miguu, mtoto mdogo analijua. "Parked the bus" ikasema waliegesha basi, hiyo naisamehe maana hata sisi tunasema kupaki basi, yaani timu nzima kurudi nyuma kulinda goli, msemo wenyewe ulivuma 2004 Mourinho akiwa kocha wa Chelsea, walitoka 0-0 na Tottenham akalalamika kwamba wapinzani wamekuja na basi wakaliacha mbele ya goli.

Sasa haki yake nayo niiseme. Habari za usajili, majeruhi, matokeo, nani kafukuzwa kazi, inatafsiri haraka na inaeleweka. Halafu nimegundua ukiipa neno moja moja inaharibu, ukiibandikia aya nzima inajitahidi, ile shuka safi ilibadilika yenyewe ikawa "hakuruhusu bao", nikafurahi kweli. Ila kifo kilibaki kifo.

Ninacholaumu siyo kukosea, msemo ni msemo, hata mtu anakosea. Nalaumu inavyokosea kwa kujiamini, haikuwekei hata alama kwamba hapa pana msemo angalia vizuri, inakupa kifo kwa sauti ile ile inayokupa matokeo, na msomaji asiyejua atakwenda kuwatumia wenzake kwamba kuna mchezaji amefariki.

Nyota tatu kwa tano. Kwa habari za moja kwa moja chukueni, ina kazi yake. Kuna kitufe cha kupendekeza tafsiri, nimeshawaandikia "dakika za lala salama", wakiiweka narudi hapa kuongeza ya nne.