WireGuard kwenye ruta ya nyumbani: uzoefu wangu wa kuiweka, kuitafutia hitilafu na kuitegemea

Tathmini nyingi za VPN, yaani njia iliyosimbwa inayounganisha mitandao miwili kupitia intaneti, huanza kwa kupima kasi. Kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani Dar es Salaam, kasi ni swali la pili. La kwanza ni iwapo njia ya VPN itajirudisha yenyewe baada ya umeme kukatika na kurudi, hasa siku ambayo anayeifahamu mipangilio hayupo nyumbani na waliobaki wanachojua ni kwamba taa za ruta zinawaka. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia kuandika tathmini hii, na ndicho kilichonifanya nitumie muda mwingi zaidi kutafuta hitilafu kuliko kuweka mipangilio yenyewe.

Ninatumia WireGuard, aina mojawapo ya VPN, ndani ya OpenWrt, ambayo ni programu endeshi huria ya ruta, kwenye ruta ya bei ya kati iliyounganishwa kwa kebo nyuma ya modemu ya 4G niliyopewa na mtoa huduma. Kazi yake ni moja: kuunganisha mtandao wa nyumbani na ofisi, ambako kuna seva ya mafaili na programu ya hesabu. Ofisi ina anwani ya IP ya kudumu inayoonekana kutoka nje. Nyumbani sina, na katika huduma ya laini ya simu ni watu wachache walio nayo. Ukifungua ukurasa wa mipangilio wa modemu yako na kukuta anwani iliyopewa upande wa intaneti iko kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, basi uko kwenye lile fungu lililotengwa mwaka 2012 ili watoa huduma wawaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ufungue poti zote za modemu, yaani milango yake ya mawasiliano, hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje. Kwa sababu hiyo nyumbani ndiko kunakolazimika kupiga hodi ofisini, na njia ikishafunguka mawasiliano hupita pande zote mbili. Ninalisema mapema kwa sababu nimeona watu wakinunua ruta ya pili, kisha ya tatu, kwa tatizo ambalo ruta haiwezi kulitatua.

Jambo la kisheria nalo linahusika kwa walioko Tanzania. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. VPN ya ofisi ni matumizi ambayo mwajiri anaweza kuyaeleza kwa urahisi, lakini mwachie mwajiri ayaeleze rasmi, badala ya kila mfanyakazi kujiamulia lake.

Modemu ya mtoa huduma ilikuwa na ukurasa wake wa VPN, uliotoa nafasi ya aina mbili za VPN peke yake, PPTP na L2TP. PPTP ni ya miaka ya 1990 na usimbaji wake umekwisha kuvunjwa. Nisingeipitishia mishahara ya watu. L2TP bila IPsec, ambayo ndiyo husimba data, haifichi chochote. OpenVPN ni chaguo la heshima na limekomaa, ila kwenye ruta yenye kichakataji kidogo huelemewa, kwa kuwa kwa miaka mingi kila pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri, ilibidi itoke kwenye kiini cha mfumo (kernel), ishughulikiwe na programu, kisha irudi. WireGuard, iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 Machi 2020, hufanya kazi ndani ya kiini chenyewe na hutumia usimbaji wa ChaCha20, ambao huenda kwa kasi hata kwenye kichakataji kisicho na sehemu maalumu ya kusimba. Katika ruta yangu tofauti hiyo si ya nadharia: mafaili ya ofisi hufunguka kwa kasi ambayo laini yenyewe inaruhusu, na ruta haipati joto la kutisha.

Kuiweka ni kazi ya jioni moja kwa mtu mtulivu. Kila upande hutengeneza jozi ya funguo, wa siri na wa umma. Wa siri hautoki kwenye kifaa chake, wa umma hupelekwa upande wa pili. Unaipa njia ya VPN anwani yake ya ndani, unaandika anwani ya ofisi na poti, ambayo kwa kawaida ni 51820 ya UDP, kisha unajaza sehemu iliyoandikwa Allowed IPs. Sehemu hii huwachanganya wengi kwa sababu ina kazi mbili kwa wakati mmoja: huamua ni safari zipi zitaingia katika njia ya VPN, na pia huamua ni anwani zipi zitakubaliwa kutoka upande wa pili. Kwa nyumba iliyo nyuma ya anwani ya pamoja, weka pia sekunde 25 katika sehemu ya Persistent Keepalive, ili ruta itume pakiti ndogo mara kwa mara na vifaa vya mtoa huduma visisahau kwamba kuna mawasiliano yanayoendelea. Mwisho unaiingiza njia hiyo katika kanda inayostahili ya fayawoli, yaani ukuta unaoamua mawasiliano yapi yapite. Kabla ya yote hayo, badilisha anwani za mtandao wa nyumbani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1, ofisi nyingi nazo hutumia fungu hilohilo, na kompyuta yako ikiambiwa kwamba printa ya ofisi iko 192.168.1.50 itaitafuta sebuleni. Mimi nilihamishia nyumba yote kwenye 192.168.73, na ugomvi wa anwani ukaisha hapo hapo.

Sifa ambayo wabunifu wa WireGuard wanajivunia ndiyo inayomtesa mtafuta hitilafu: haimjibu mtu isiyemtambua. Ukikosea herufi moja ya ufunguo, au poti ikiwa imefungwa, au seva ikiwa imezimwa, unachokipata katika hali zote tatu ni ukimya uleule. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna maelezo kwenye kumbukumbu za ruta. Kwa hiyo nimejifunza kuanzia kwenye amri ya wg show, ambayo huonyesha salamu (handshake) ya mwisho iliyokubaliwa kati ya pande mbili ilikuwa lini na ni data kiasi gani imetumwa na kupokelewa. Njia inayotumika husalimiana upya kila baada ya dakika mbili hivi; ukiona salamu ya mwisho imepita dakika tatu, njia imekufa hata kama ukurasa wa ruta unasema iko hai. Ikiwa data iliyotumwa inaongezeka na iliyopokelewa imebaki sifuri, pakiti zinatoka na hazijibiwi: chunguza ufunguo, poti na upande wa ofisi. Ikiwa salamu ni ya sasa hivi na bado seva ya mafaili haifunguki, iachie VPN amani na uangalie Allowed IPs, fayawoli na njia za kurudi upande wa pili.

Sasa nirudi kwenye umeme, maana hapa ndipo palipo na mambo. Kwa muda nilikuwa na tatizo lisilo na mpangilio: baadhi ya siku umeme ulikatika na kila kitu kikarudi sawa, siku nyingine Wi-Fi ilirudi ikiwa na alama zote lakini hakuna intaneti kwa yeyote ndani ya nyumba. Kuzima na kuwasha ruta hakukusaidia. Kilichosaidia, kwa njia iliyoonekana kama mazingaombwe, ni mtu wa ofisini kuwasha upya seva yao.

Chanzo kilikuwa saa. Kompyuta ya mezani ina betri ya duara kwenye ubao wake inayotunza saa wakati umeme haupo; ruta nyingi za nyumbani hazina betri hiyo. OpenWrt ikiwaka hujaribu kukisia kwa kutazama faili lililobadilishwa karibuni zaidi katika folda ya mipangilio na kuchukua tarehe yake. Ikiwa mara ya mwisho kugusa mipangilio ilikuwa Machi, ruta huamka ikiamini ni Machi. Katika shughuli za kawaida kosa hilo hudumu sekunde chache tu, mpaka ruta iulize seva za saa kwenye intaneti. Lakini salamu ya kwanza ya WireGuard hubeba wakati ilipotengenezwa, na upande unaopokea hukumbuka wakati wa mwisho uliopokelewa kutoka kwa kila ufunguo. Ikija salamu yenye wakati wa nyuma hutupwa kimyakimya, ili mtu aliyeinasa pakiti ya zamani asiweze kuirudia. Kinga hiyo ni ya busara. Tatizo ni kwamba mipangilio ya wakati ule ilipitisha safari zote za nyumba, yaani 0.0.0.0/0, ndani ya VPN. Ruta ilihitaji saa sahihi ili VPN ifunguke, na ilihitaji VPN ifunguke ili ipate saa sahihi. Hata majina ya seva za saa hayakuweza kutafsiriwa kuwa anwani, kwa sababu maswali ya DNS nayo yalikuwa yakingoja mlango uleule. Seva ya ofisi ilipowashwa upya ilisahau wakati wa mwisho iliokuwa imeukumbuka, ikaikubali salamu ya Machi kama mpya, na mambo yakaenda. Siku ambazo umeme ulikatika mara tu baada ya mipangilio kuguswa, tofauti ya saa ilikuwa ndogo na tatizo halikudumu.

Tiba yake haina gharama. Katika mipangilio ya saa niliandika seva kwa anwani ya namba badala ya jina, 162.159.200.1 ya Cloudflare ni mojawapo inayofaa. Kisha nikaongeza njia ya kudumu inayoielekeza anwani hiyo moja kupitia modemu moja kwa moja, nje ya VPN. Anwani ya ofisi nayo iko kwa namba. Kama ofisi yako hutumia jina kwa sababu anwani yake hubadilika, fahamu kwamba WireGuard hulitafsiri jina mara moja tu inapowashwa; OpenWrt ina hati ndogo iitwayo wireguard_watchdog ambayo ukiiweka kwenye ratiba ya kila dakika hulitafsiri upya pale salamu zinapokoma. Tangu hapo umeme ukirudi, njia hufunguka mara tu modemu inapotulia. Betri ndogo ya ruta ya volti 12, zile zinazouzwa Kariakoo, ni nyongeza nzuri, lakini nisingependa itumike kufunika tatizo la saa. Betri nayo huisha.

Hitilafu ya pili iliyostahili jina ni ile ya kurasa kufunguka nusu. WhatsApp inafanya kazi, barua pepe fupi zinakwenda, lakini ukurasa wa benki unabaki mweupe na faili kubwa linakwama palepale kila mara. Dalili hiyo karibu kila mara ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya pakiti inapopita kwenye IPv4 na baiti 80 kwenye IPv6. Ndiyo maana hujiwekea 1420, ikidhani laini yako inabeba 1500 kamili. Laini ya simu mara nyingi haibebi. Nilipima kwa ping, amri ya kutuma pakiti za majaribio, bila kuruhusu pakiti kukatwa vipande, nikipunguza ukubwa hadi ilipopita: kwangu ilipita kwenye 1412, ambayo ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1440. Toa 60, unabaki na 1380. Niliandika namba hiyo pande zote mbili, nikawasha pia kisanduku cha MSS clamping, kinachofanya pakiti zipunguzwe ziendane na MTU, katika kanda ya fayawoli, na ukurasa wa benki ukafunguka.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe sina mengi. Pima kwa kebo kwanza. Kama kwa kebo ni sawa, VPN haina kosa. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 kulingana na majirani, na zima Wi-Fi ya modemu ya mtoa huduma ili visanduku viwili visishindane ndani ya chumba kimoja.

Hatimaye niliacha kupitisha nyumba nzima ndani ya VPN. Allowed IPs zangu sasa ni mtandao wa ofisi na fungu la njia yenyewe tu. Katuni za watoto hazina sababu ya kuzunguka ofisini kabla ya kufika kwenye televisheni, na ofisi haina sababu ya kulipia bando la katuni hizo. Ile njia ya kudumu ya seva ya saa nimeiacha ilivyo, kwa kuwa hainidhuru na siku nikirudisha 0.0.0.0/0 nitaihitaji.

Ningempendekezea mpangilio huu mwenye vifaa zaidi ya kimoja vinavyohitaji kufika ofisini, kwa mfano kompyuta mbili na printa, na aliye tayari kuisoma wg show. Anayetaka faragha ya kawaida kwenye simu, au kutazama mechi zilizofungwa kwa nchi fulani, hii siyo bidhaa yake. Na mwenye laptopu moja ya kazi aiweke WireGuard kwenye laptopu hiyo. Programu yake ipo kwa Windows, macOS, Android na iOS, laptopu ina saa inayotunzwa kwa betri, na ruta ya nyumbani itabaki kama ilivyokuja.