SQM na CAKE kwenye ruta ya OpenWrt: uzoefu wangu Lubumbashi

Kama kila mwezi unaongeza pesa upate mega zaidi na bado simu za video zinakatika, angalia kwanza foleni ya data kabla ya kulaumu kasi. Tuna sekretariati katika commune ya Kenya, hapa Lubumbashi: tunapiga chapa, tunaskani, wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wanaleta TFC zao, yaani kazi za kumaliza masomo, tuwatumie maprofesa. Laini yetu ni ya 4G. Ukiipima inatoa megabiti 20 za kushusha na 6 za kupandisha, zinazotutosha kabisa. Lakini mtu mmoja akianza kutuma faili kubwa, wengine wote wanaganda.

Nilifungua ping, amri inayopima jibu linachukua muda gani kurudi, kwenda 8.8.8.8 (seva ya Google), nikaiacha iendelee. Laini ikiwa tupu, jibu lilirudi kwa milisekunde 90 hivi. Mteja akaanza kupandisha TFC iliyojaa ramani: 400, 900, mwisho ikapita 2,000. Sekunde mbili nzima! Alipomaliza, namba zikashuka zenyewe. Huo ndio ugonjwa ambao Jim Gettys aliutangaza kwa jina la bufferbloat. Modemu ina hifadhi kubwa mno, inalundika pakiti (vipande vya data) badala ya kuzitupa, na sauti ya mtu anayeongea na dada yake inangoja nyuma ya ramani zote zile.

SQM (Smart Queue Management, yaani usimamizi wa foleni) inaihamishia foleni hiyo kwenye ruta yako, ambako unaweza kuitawala. Kwenye OpenWrt, mfumo huria unaoendesha ruta yangu, niliweka luci-app-sqm (ukurasa wa mipangilio ya SQM), nikachagua cake (ndiyo CAKE, programu inayopanga foleni) na skripti ya piece_of_cake, kisha nikaweka kikomo cha megabiti 16 kushusha na 4.5 kupandisha. Hapa ndipo wengi wanapokataa: kwa nini nijipunguzie kasi niliyoilipia? Kwa sababu ukiweka kikomo juu ya uwezo wa laini, foleni inarudi kwenye modemu na CAKE inabaki bila kazi. Wazo lake limetoka kwa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni ya Kathleen Nichols na Van Jacobson, ya mwaka 2012: haijali foleni ina urefu gani, inapima pakiti imekaa humo muda gani. Ucheleweshaji ukibaki juu ya milisekunde 5, inatupa pakiti chache ili mtumaji apunguze mwendo.

Nikarudia jaribio kwa faili lile lile. Ping ilicheza kati ya 100 na 130, na mteja wa kompyuta ya pili akaendelea na simu yake ya video bila kujua kuna anayetuma kitu. Nilifurahi sana, nakiri wazi.

Usisahau kuandika nat na dual-srchost kwenye chaguo za kupandisha, nat na dual-dsthost kwenye za kushusha. Zinaiambia CAKE igawe laini sawa kwa kila kompyuta; bila hizo, mwenye kompyuta inayofungua miunganisho mingi anaweza kujipatia sehemu kubwa kuliko wenzake.

Kasoro ipo, na inatuhusu sisi wa 4G. Jioni mnara ukijaa watu, laini inashuka chini ya kikomo changu na kuganda kunarudi. Kikomo kisichobadilika kinafaa zaidi laini iliyotulia, kama fiba. Sasa nimeongeza cake-autorate, inayopima ucheleweshaji muda wote na kushusha au kupandisha kikomo yenyewe. Jioni zimekuwa afadhali, ingawa bado hazijafikia asubuhi. Programu zote hizi ni za bure; nilicholipia ni ruta iliyotumika tu, na kwa laini ya ukubwa wetu prosesa yake haijaelemewa. Mwenye fiba ya mamia ya megabiti atafute ruta yenye nguvu zaidi.