Chaja ya gari ukutani: miezi 7 nayo, na siku niliyozima ruta makusudi

Nianze na soketi maana huko ndo nilikotoka. Gari langu la umeme lilikuja na kile kikebo cha kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, nikasema hiki kinatosha, nihangaike na nini. Kinavuta ampea 10, kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kilowati 2.3, na betri yangu ni ya uniti 60, sasa ukitaka kuitoa asilimia 20 uifikishe 80 unahitaji uniti 36 ziingie, na njiani kuna zinazopotea kama joto, kwa hiyo weka masaa 17 hivi. Kumi na saba! Unarudi saa moja jioni, unachomeka, kesho saa sita mchana ndo inamaliza. Tukaishi hivyo wiki kadhaa mpaka siku naenda kuchomoa plagi nikakuta ni ya moto, sio vuguvugu, moto wa kukufanya uachie, na plastiki ya soketi imeshaanza kugeuka rangi. Hapo nikaacha ubishi nikaagiza chaja ya ukutani, hizi zinazoitwa smati. Jina la kampuni nalihifadhi kwa sababu utakazoziona mbele.

Kitu cha kwanza nilichojifunza, na natamani ningekijua kabla sijalipa, ni kwamba kile kiboksi sio chaja kabisa. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, ndo inayogeuza AC, yaani umeme wa nyumbani unaobadili mwelekeo kila mara, kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja ambao betri inauelewa. Boksi la ukutani ni swichi kubwa yenye adabu, linaongea na gari kwanza, likikubaliana nalo ndo kontakta, ile swichi ya ndani, inajifunga "ta!" umeme unapita. Na mazungumzo yao ni ya kizamani mno ukiyajua utacheka, kuna waya mmoja mwembamba kwenye kebo unaopitisha mdundo mara 1,000 kwa sekunde, na upana wa mdundo ndo unaoliambia gari lisizidishe ampea ngapi. Upana wa asilimia 10 maana yake ampea 6, asilimia 53 maana yake 32, basi, hakuna intaneti hapo wala akaunti wala nywila. Likumbuke hilo, tutalirudia kwa hasira.

Kwa hiyo usikimbilie boksi kubwa. Kama chaja ya ndani ya gari lako inapokea kilowati 7.4 za AC, hata ukifunga boksi la kilowati 22 utapata 7.4 hiyo hiyo. Vile vituo vya barabarani vinajaza haraka kwa sababu vinaruka chaja ya gari, vinapeleka DC moja kwa moja kwenye betri, ni mambo mengine kabisa. Mimi nilichukua la ampea 32, ambayo ndo hiyo 7.4, na zile uniti 36 sasa zinaingia kwa masaa matano na nusu hivi. Nimelala nimeamka, imekwisha.

Kufunga: tafuta fundi umeme anayejua kazi hii, sio yule wa kubadilisha taa. Laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya mnene, ethi ya uhakika. Na muulize kuhusu kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, maana gari linaweza kuvujisha DC kidogo, na DC inakipumbaza kifaa cha kawaida kikashindwa kukata siku inapotakiwa. Boksi langu lina ulinzi huo ndani, DC ikivuja miliampea 6 linakata lenyewe, ila sio maboksi yote. Halafu baada ya miezi kadhaa mwite arudi akaze zile skrubu za waya kwenye bodi. Wengi wanaona ni ulaji wa fundi, lakini fikiria ampea 32 kwa masaa matano kila usiku, pale penye kulegea panapata joto, panapoa, panalegea zaidi, na joto lenyewe mkondo ukiwa mara mbili linakuwa mara nne. Alivyokuja kwangu mbili zilikuwa zimelegea.

Sasa utamu wenyewe. Fundi alifunga kile kikoleo kinachobana waya mkuu unaoingia nyumbani, ni kihisi, kazi yake ni kuangalia nyumba nzima inakula kiasi gani kila sekunde. Breka kuu yangu ni ya ampea 60. Jioni moja jiko la kuokea linawaka, hita ya maji inachemsha, kiyoyozi kinaunguruma, na mtu kawasha birika la chai, hapo tuko kilowati 9.5, yaani ampea 41. Ongeza gari 32 unapata 73, breka ingeruka na watu wangeoga gizani. Mi nimesimama na simu naangalia, gari likashuka lenyewe 32, 24, 17, likatulia hapo, birika lilipozimika likapanda tena taratibu. Aisee. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyejua kama kuna kitu kimetokea, na kwangu mimi hiyo ndo maana ya nyumba smati, sio taa za zambarau. Kama unanunua boksi halafu linauzwa bila hicho kikoleo, au kikoleo ni cha kulipia pembeni, kilipie, punguza kwingine.

Ila lina kikomo. Chini ya ampea 6 gari halipokei, ndo sheria ya ule mdundo, kwa hiyo nyumba ikibanwa sana boksi linasimamisha kabisa mpaka nafasi ipatikane. Hapa wenye sola wasikilize vizuri, maana tangazo linasema "chaji kwa jua tu, bure" na mi niliingia mzima mzima. Ampea 6 kwa volti 230 ni kilowati 1.4 kasoro kidogo. Kama ziada ya paneli zako haifiki hapo, gari halipati kitu, hata jua liwe linachoma kisogo. Na siku za mawingu mawingu ndo vituko, ziada inapanda 1.6, inashuka 1.1, inapanda, kontakta inagonga ta, ta, ta kama mtu anatafuna karanga. Nimekuja kukuta kwenye mipangilio kuna kuchelewesha, unaliambia lisubiri dakika 10 kabla ya kuzima au kuwasha, likatulia. Kwa nini haikuwekwa hivyo tangu kiwandani sijaelewa.

Haya, tuje kwenye apu.

Apu ni janga. Kwanza kuiunganisha tu ni safari, boksi linashika waifai ya GHz 2.4 peke yake (ambayo kusema kweli ndo inayofika mbali na kupenya kuta, kwa hiyo siwalaumu) ila apu haikwambii, inazunguka zunguka halafu inasema "jaribu tena baadaye". Nilijaribu tena baadaye mara nne, mpaka nikaenda kutenganisha zile waifai mbili za ruta, ya GHz 2.4 na ya GHz 5, ndo ikakubali. Halafu inataka akaunti, barua pepe, namba ya simu, na ruhusa ya kujua nilipo. Boksi limepigwa skrubu ukutani kwangu, nitakuwa wapi?

Lakini hayo nilimeza. Kisichomezeka ni usiku mmoja, nikiwa na boksi mwezi wa tatu tangu lifungwe. Nimechomeka gari likiwa asilimia 31, ratiba imewekwa ianze usiku wa manane, nikalala. Asubuhi nina safari, nafungua mlango wa gari, 31. Boksi lina taa ya buluu inayopepesa kwa utulivu kabisa, apu inasema "hakuna mawasiliano". Kumbe seva ya kampuni ilikuwa imelala, na ratiba yangu haikuwa kwenye boksi, ilikuwa kwenye seva. Yaani boksi liko ukutani kwangu, gari liko uani kwangu, umeme ni wangu, waya mita 5, halafu linasubiri ruhusa kutoka kompyuta ya watu nisiowajua, kwa kazi ambayo ule mdundo wa waya mwembamba ungeifanya bila kumuuliza yeyote.

Huduma kwa wateja walinijibu siku ya tatu, wakaniomba nizime niwashe.

Wikiendi ile ndo nikafanya kitu ambacho ningewashauri nyote mkifanye siku ya kwanza fundi akiwa bado hajaondoka: nilizima ruta makusudi. Nikachomeka gari, nikasubiri. Kimya. Nikapekua mipangilio, ukurasa wa ndani ndani huko nikakuta "anza mara tu unapochomeka", imezimwa. Nikawasha ruta, nikabadilisha, nikazima tena, nikachomeka, ta! umeme ukapita. Na kile kikoleo kiliendelea kupunguza na kuongeza bila intaneti, maana kimefungwa kwa waya hadi kwenye boksi, hiyo sehemu nawapa heko. Kwa hiyo sasa ratiba nimeihamishia kwenye gari lenyewe na boksi limebaki kuwa swichi yenye macho, na tangu hapo sijaamka na aibu.

Kuhusu ratiba kuna mtego mwingine, huu sio kosa la kampuni ni wetu sisi. Gari lina saa yake ya kuchaji na boksi lina yake, ukiziweka zote mbili zinagombana. Gari linasema ntaanza saa nane usiku, boksi limefungua saa sita likaona gari halivuti kitu likahesabu kwamba limeshiba, likafunga. Saa nane gari linaamka, boksi limelala. Chagua mmoja awe bosi, mwingine mfutie ratiba yote. Kikomo cha asilimia kwangu kiko kwenye gari pia, 80 kwa siku za kawaida kwa sababu betri yangu ni ya nikeli, wenye za LFP (zile za lithiamu zenye chuma na fosfati) mko huru zaidi, na watengenezaji wengine wanataka kabisa muijaze 100 mara kwa mara ili gari lisipoteze hesabu ya kilichobaki.

Nyumba smati yenyewe, nilisahau. Boksi linajitokeza kwenye mfumo wa nyumba pamoja na taa na mapazia, nikaona raha, mpaka mdogo wangu wa mwisho alivyokiambia kispika cha sebuleni kizime kila kitu akaenda kulala. Kikatii. Taa, feni, televisheni, na gari. Boksi lilikuwa limejiandikisha kama swichi ya kawaida, kwa mfumo ule gari na taa ya korido ni ndugu. Nimelitoa kwenye lile kundi. Ule mfumo wa pamoja wa vifaa vya nyumbani, Matter, uliongeza chaja za magari kwenye toleo la 1.3 mwaka 2024, na huko chaja inajulikana kama chaja, ina kiwango cha umeme na saa za kuchaji, sio washa zima tu. Langu halina. Lina OCPP hata hivyo, na hiyo iulize dukani kabla hujauliza rangi, maana ni lugha ya wazi ambayo chaja nyingi zinaongea na seva yoyote inayoielewa, kampuni yako ikifunga virago unalielekeza boksi kwingine. Bila hiyo utabaki na pambo la ukutani.

Nyota nawapa 3 na nusu. Boksi lenyewe ni 5, limenyeshewa, limepigwa na jua, limegongwa na baiskeli, halijatetereka. Apu ni 1, na nusu yake ni ya huruma. Kama unachaji usiku tu na huna mitambo mingi nyumbani chukua boksi la kawaida lisilo na apu, lenye kikoleo, utalala vizuri kuliko mimi. Kama una sola au breka ndogo hapo smati inajilipa, ila zima ruta kwanza uone.

Na kebo chukueni ya mita 7 na nusu. Yangu ni 5, tundu la gari liko nyuma kushoto na boksi liko kulia, miezi 7 sasa naingiza gari kinyumenyume kila jioni na majirani wanadhani nimependa tu.