Nyota tatu: data safi, maelezo ya zana ovyo

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko karibu na Moi Avenue, Mombasa, na kinachotuchosha zaidi ya makaratasi ya KRA, mamlaka ya mapato, ni simu. "Bin ami, kontena langu limeshuka?" Kutwa kucha. Ndiyo tukajiunga na huduma moja ya kufuatilia makontena, ya kulipia kila mwezi, iliyokuja na seva yake ya MCP, ule utaratibu uliotolewa na Anthropic Novemba 2024 ili modeli za akili unde ziweze kuita programu za nje. Kazi ya kumuunganisha ajenti wetu, yaani programu ya akili unde inayowajibu wateja, ilinifikia mimi. Jina la kampuni naliacha, maana bado tunazungumza nao.

Haki yao niwape kwanza: data ni safi. Meli ikifunga gati Kilindini wanajua, kontena likihamishiwa CFS, yadi ya makontena nje ya bandari, ya Changamwe wanajua. Lakini ajenti hawezi kuifikia data hiyo mpaka ajue aite zana ipi, yaani ipi kati ya kazi ambazo seva inaweza kumfanyia, na anachopewa cha kumwongoza ni jina la zana, maelezo yake, na vigezo inavyopokea. Hapo ndipo huduma hii inapochechemea.

Zana moja inaitwa "track", na maelezo yake yote ni kwamba inafuatilia. Nyingine inaitwa "status", nayo inatoa hali. Zote mbili zinataka kigezo kimoja, "number". Nambari ya nini, jamani? Sisi tuna nambari ya kontena, tuna ya hati ya shehena, yaani B/L, tuna ya tamko la forodha. Ajenti akawa anatia B/L mahali pa kontena, anajibiwa "Error 400", yaani ombi lina kasoro, na hakuna zaidi, anarudia vilevile, mwishowe anamwambia mwenye mzigo kwamba kontena lake halipo. Mama mmoja wa Bondeni alikuja mwenyewe mpaka kaunta, na maneno aliyotutolea siwezi kuyaandika hapa.

Nambari ya kontena wala haina utata. Kwa kiwango cha ISO 6346 ni herufi nne na tarakimu saba, kama CSQU3054383, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili kukamata makosa ya uandishi. Sentensi moja kwenye maelezo, na mfano huo kando yake, ingetosha. Na kosa likitokea, jibu lingesema: "Nilitarajia herufi 4 na tarakimu 7, hii inafanana na B/L, tumia zana ya B/L." Mimi nikikutana na Error 400 nitapiga simu niulize. Ajenti hana wa kumpigia, maneno ya kosa ndiyo msaada wote alio nao.

Lililoniudhi hasa ni saa. Zana inarudisha kitu kama 2025-03-09T22:15 bila kusema ni saa za wapi. Kumbe ni UTC, saa za kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo hiyo ni saa saba na robo usiku, na tarehe imeshakuwa 10. Ajenti akahesabu siku za hifadhi bila malipo kuanzia tarehe 9, mteja akaharakishwa kukodi lori kabla ya wakati. Anayeijua bandari hii anajua siku moja ina bei gani.

Kisha kuna "refresh". Maelezo yanasema inahuisha taarifa. Hayasemi kwamba inamtumia pia barua pepe kila aliyeandikishwa kwenye shehena hiyo. MCP ina alama za kueleza kama zana inasoma tu au inabadilisha vitu, readOnlyHint na destructiveHint, nao hawakuweka hata moja. Hata zingewekwa, ni dokezo tu, hazimzuii mtu. Kwa hiyo kwetu zana hiyo haiitwi mpaka mmoja wetu abonyeze kibali.

Suluhisho letu lilikuwa kuweka seva yetu ndogo mbele ya ile yao: zana chache, kila moja na maelezo ya inachofanya, isichofanya, na saa zilizokwisha geuzwa kuwa za Mombasa. Maelezo bora aliyaandika karani wetu, ambaye hata kuandika programu hajui, kwa kuwa yeye ndiye anayewafundisha wageni wa ofisi na anajua wanapokwama. Modeli ni ileile na data ni ileile, ila majibu sasa yanatumika. Anthropic wenyewe waliandika Desemba 2024 kwamba ajenti wao wa kurekebisha msimbo wa programu alikuwa akipotea kwenye njia za faili, yaani anwani za mahali faili zilipo. Walipoitaka zana ipokee njia kamili tu, makosa hayo yakaisha, na wanasema kuboresha zana kuliwachukua muda mwingi kuliko kuandika maagizo ya modeli.

Kampuni imesharekebisha ujumbe wa kosa la nambari. Saa bado. Ukitaka kujiunga na huduma ya namna hii, omba kwanza uone orodha ya zana pamoja na maelezo yake, mpe mtu asiyeijua programu ayasome, na umwulize angeita ipi kujua kontena liko wapi. Sisi tunaendelea kulipa, kwa sababu ya data.