Pawa saplai ya kompyuta ya mezani: ipi ununue, na hakikisha kwanza kama iliyopo imekufa kweli

Pawa saplai, lile boksi la ndani ya kasha linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, husingiziwa mengi. Mashine ikizima ghafla, lawama ni zake. Skrini ikibaki nyeusi, lawama ni zake. Kumbe prosesa iliyopata joto kupita kiasi nayo huzima mashine bila kuaga, na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) iliyokaa vibaya huacha feni zikizunguka huku skrini haionyeshi kitu. Kabla hujatoa hela, ipime iliyopo.

Kama mashine iko kimya kabisa

Chomeka taa au chaja kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Tazama swichi ndogo nyuma ya pawa saplai, maana ni rahisi kuigusa unaposogeza kasha. Kisha angalia taa ndogo ya mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa na RAM), kama inayo. Ikiwaka, volti 5 za akiba zinafika, na hapo swichi ya mbele ya kasha ndiyo ya kushukiwa. Chomoa waya wake kwenye mazabodi, gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, umeponea kwenye kitufe.

Feni zikishtuka nusu mzunguko na kusimama, ulinzi wa ndani umeona shoti mahali fulani ukajikata. Hapo pawa saplai inaweza kuwa nzima kabisa na inafanya kazi yake. Chomoa kadi ya grafiki, diski na kila kilicho kwenye USB, uache prosesa na kipande kimoja cha RAM. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Na kama feni zinazunguka vizuri lakini skrini haipati kitu, angalia ile plagi ya pini 8 ya prosesa juu ya mazabodi. Wengi waliojifungia mashine wenyewe huisahau.

Kama inazima ukiipa kazi nzito

Hapa ndipo pawa saplai dhaifu hujianika. Gemu linaanza, kadi ya grafiki inavuta umeme, mashine inajiwasha upya bila hata ujumbe wa kosa. Soma kwanza joto la prosesa na la kadi. Kama yote mawili yako sawa, shaka inasogea kwa pawa saplai. Usidanganywe na kumbukumbu za Windows zinazoandika Kernel-Power 41. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, basi. Haikwambii kwa nini.

Kipimo cha mafundi ni kuitoa pawa saplai mazabodini na kuunganisha waya wa kijani, pini ya 16 kwenye ile plagi ya pini 24, na waya wowote mweusi kwa kipande cha waya. Ikiwaka, umejua tu kwamba inaweza kuwaka ikiwa haijabeba mzigo. Baadhi ya zile mpya haziwashi feni mpaka zipate joto, kwa hiyo feni iliyotulia si ushahidi.

Multimita, yaani mita ya kupimia volti, inasema zaidi. Pima mashine ikiwa kazini: waya wa njano usitoke nje ya volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa rangi ya chungwa 3.14 hadi 3.47. Kama nyaya zote ni nyeusi, fuata mchoro wa plagi. Hata hivyo multimita haioni mawimbi madogo ya umeme mchafu yanayoyumbisha RAM, ndiyo maana kipimo cha mwisho hubaki kuazima pawa saplai nzima na kuijaribu. Ukiazima, azima na nyaya zake. Plagi za upande wa pawa saplai hazina mpangilio mmoja, hata kwa kampuni moja, na waya wa modeli nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuunguza diski zote kwa mpigo.

Jambo moja ambalo sitalizungusha: usifungue boksi la pawa saplai yenyewe. Kapasita (kihifadhi chaji) kubwa ya ndani hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Iliyotoa harufu ya kuungua au kupiga mlio wa kupasuka haitengenezwi, inabadilishwa. Na kama ni ya zamani yenye swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha imekaa panapolingana na umeme wako. Ukiiacha kwenye 115 na ukutani pana volti 230, italipuka mara moja.

Wati ngapi?

Pungufu ya zile unazouziwa, mara nyingi. Chukua mashine yenye Core i5-12400, ambayo Intel inaipa kilele cha wati 117, na kadi ya RTX 3060 yenye wati 170. Weka 50 au 60 kwa mazabodi, RAM, diski na feni, unafika kama 350. NVIDIA yenyewe inapendekeza pawa saplai ya 550 kwa kadi hiyo, na ile nafasi ya ziada ina sababu: kadi za sasa huruka ghafla juu ya wastani wake kwa muda mfupi sana. Mashine ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki ni nadra ivuke 150.

Pawa saplai kubwa haili umeme zaidi kwa kuwa kubwa, kwani mashine huvuta inachohitaji tu. Kosa la pili ninalolisikia kila mara ni kwamba ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80 hutoa 400. Hapana. Inatoa 500, ila ukutani inavuta 625, na zile 125 zinageuka joto.

Kinachostahili kusomwa ni kibandiko cha ubavuni, kwenye safu ya 12V. Prosesa na kadi ya grafiki hula huko. Zidisha ampea kwa 12. Ya wati 650 iliyotengenezwa kwa uaminifu huandikwa karibu ampea 54, yaani 648. Ukikuta sanduku limeandikwa 600 na laini ya 12V ina ampea 30, umeshika pawa saplai ya wati 360 yenye jina kubwa.

Nembo ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, inapima ufanisi tu. Kwenye umeme wa volti 115, ikiwa imebeba nusu ya mzigo, Bronze hufika asilimia 85, Gold 90, Platinum 92, Titanium 94. Usalama haumo. Mwaka 2021 Gigabyte ilijitolea kuwabadilishia wateja modeli za P750GM na P850GM baada ya wapimaji kuzilipua kwa kuzizidishia mzigo, na zote mbili zilikuwa na nembo ya Gold. Kwa hiyo kwenye maelezo tafuta ulinzi dhidi ya mzigo kupita kiasi, volti kupanda au kushuka, shoti na joto, halafu tazama waranti. Kampuni inayotoa miaka 10 imeshapiga hesabu ya kapasita zake.

Mpangilio wangu

1. Wati 650, Gold, waranti ya miaka 7 hadi 10. Hii ndiyo ningemwambia mtu yeyote anunue bila kuuliza maswali mengi. Inabeba kadi nyingi za kati, feni yake haipigi kelele, na utaihamishia kwenye mashine inayofuata. Corsair RM650x na Seasonic Focus GX-650 ndizo ninazozitaja kwanza, kila moja ina waranti ya miaka 10.

2. Bronze ya wati 450 hadi 550 kutoka kampuni inayojulikana. Kwa ofisi, shule na kadi ndogo inatosha kabisa. Sharti ni moja: iwe inatengeneza volti 5 na 3.3 kutoka kwenye laini ya 12, mfumo unaoandikwa DC-DC. Za kizamani hudhibiti 12 na 5 kwa pamoja, upande mmoja ukilemewa wa pili unayumba, na prosesa za leo ambazo hulala na kuamka kila mara haziupendi mchezo huo.

3. Wati 850 au zaidi, za kiwango kipya cha ATX 3.1. Ni ya kwanza kwa mwenye kadi kubwa, na anasa kwa wengine. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kilizitaka pawa saplai zenye plagi mpya ya kadi za grafiki zihimili mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Plagi hiyo, 12VHPWR, ndiyo iliyokuwa ikiyeyuka kwenye RTX 4090, na 3.1 ikaleta 12V-2x6 yenye pini za kuhisi fupi zaidi, ili kadi isivute umeme mwingi plagi isipoingia yote. Isukume hadi mwisho na usiukunje waya karibu na kichwa chake.

4. Platinum na Titanium. Ni nzuri, ila tofauti na Gold ni asilimia chache. Inaingia akilini kwa mashine isiyolala.

5. Iliyotumika. Iwe modeli unayoweza kuitafuta kwa jina, umri wake unajulikana, na waranti imebaki. Iliyochimba sarafu za kidijitali usiku na mchana mwachie mwenyewe.

6. Ile inayokuja bure ndani ya kasha. Nyepesi mkononi, nyaya nyembamba, hakuna jina la kampuni wala ampea zinazoeleweka. Ikifa inaweza kuondoka na mazabodi. Ningeiweka nje ya orodha, ila watu wengi tayari wanayo.

Kabla ya kuagiza, pima nafasi. Pawa saplai ya saizi ya kawaida, ATX, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Makasha madogo hutaka saizi ndogo zaidi, SFX au TFX. Mashine nyingi za ofisi za Dell, HP na Lenovo zina plagi zao za pekee, kwa hiyo fungua kasha uone kama ile ya pini 24 ipo. Na kama unatumia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), pendelea yenye wimbi halisi la umeme, linaloandikwa pure sine wave, kwani baadhi ya pawa saplai za kisasa hujikata zikilishwa wimbi la kuigiza.

Ukimaliza kufunga, endesha kazi nzito kwa nusu saa huku mita ikiwa kwenye waya wa njano. Ikishuka chini ya 11.4, irudishe siku hiyohiyo pamoja na sanduku, nyaya zote na risiti.