TanzLII, Zotero na juzuu la mwaka 1969: uzoefu wangu kwenye utafiti wa sheria

Nasoma shahada ya sheria Dar es Salaam, mwaka wa tatu. Bumu likichelewa, kitu cha kwanza kukatwa ni bando, kwa hiyo kila chombo hapa nimekipima kwa mfuko wangu mwenyewe.

Ninachokifungua karibu kila siku ni TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama. Inaendeshwa na Mahakama ya Tanzania, ni bure, haikudai nywila, na hukumu unaipakua nzima. Kila moja ina alama yake: TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Ukishazoea hizo herufi hupotei.

Mwanzoni nilipotea kwa ujinga wangu. Tulipewa asaimenti ya umri wa kuolewa, nikatafuta kwa kuandika "ndoa za utotoni", nikaambulia kidogo sana. Nilisahau kwamba hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama hayawezi kuzigeuza zile za nyuma. Nilipoandika jina Gyumi, la mwanaharakati Rebeca Gyumi aliyefungua kesi ya umri wa kuolewa, mambo yakafunguka: uamuzi wa Mahakama Kuu wa Julai 2016, uliosema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, kisha ule wa Rufani wa Oktoba 2019 uliotupa rufaa ya Serikali. Kwenye notisi za darasa kesi hii ilikuwa mistari minne tu. Na bado tunafundishwa kuandika "haijaripotiwa", yaani haimo kwenye majuzuu ya hukumu, mbele ya kesi ambayo hata mama ntilie mwenye simu janja anaweza kuisoma akisubiri maharage yaive!

Zotero ni programu ninayoitumia kutunza rejea. Haina malipo, unapewa hifadhi ya megabaiti 300 mtandaoni, na mtindo wa OSCOLA wa kuandika rejea za sheria umo. OSCOLA ilitungwa Oxford kwa ajili ya kesi za kwao, hivyo kesi zetu zenye namba za rufaa nazipitia kwa mkono. Basi.

Sasa akili mnemba. Muhula huu nilipangiwa kuandaa pingamizi la awali, yaani hoja ya kuipinga kesi kabla haijasikilizwa, kwa ajili ya mahakama ya mazoezi. Saa saba usiku, kichwa kimechoka, nikauliza programu moja ambayo jina lake naliacha. Ikanipa kesi tamu: majina ya wadaawa, namba ya rufaa, mwaka, hata maneno ya jaji ndani ya alama za kunukuu. Nikaitafuta namba ile TanzLII. Ikafunguka rufaa ya jinai ya mtu anayepinga kifungo, haina hata neno moja la pingamizi. Yale majina ya wadaawa hayakuwepo kabisa. Nikakumbuka mawakili wa New York kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mwaka 2023: walipeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT, wakatozwa faini ya dola 5,000.

Asubuhi nikaenda maktaba kwa miguu yangu. Mkutubi wetu ni mama wa makamo ambaye hana haraka na mtu. Nikamweleza shida.

"Mwanangu, ile kesi ya mapingamizi ya awali, Mukisa Biscuit, umeisoma?"

"Nimeisoma, mama."

"Umeisomea wapi?"

Nikanyamaza. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikiitaja kwa kunakili kutoka kwa walioitaja. Akaniletea juzuu la East Africa Law Reports la 1969, akaniambia fungua ukurasa wa 696. Mahakama yetu ya Rufani imeanza mwaka 1979, kwa hiyo mengi ya kabla ya hapo asili yake ni majuzuu kama hayo, yenye harufu ya vumbi na majalada yaliyochoka.

Nilimaliza kuisoma kabla ya chai ya saa nne. Pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, inayojengwa kwa kuchukulia kwamba yote aliyodai mwenzako ni kweli. Ikihitaji ushahidi, si pingamizi tena. Na Jaji Newbold, mmoja wa walioiamua kesi hiyo, anawakaripia wazi mawakili wanaoleta mapingamizi yasiyostahili: yanaongeza gharama na kuvuruga kesi. Nilikuwa na hoja tatu. Mbili zilihitaji mashahidi.

Nikazifuta palepale mezani. Iliyobaki ilikuwa ya ukomo wa muda, yaani kesi kufunguliwa kwa kuchelewa, ambayo hukumu yenyewe inaitaja kama mfano. Ile programu bado ninayo kwenye simu. Huwa naiambia inihoji kama jaji mkali kabla sijasimama, na kwa kazi hiyo ni hodari. TanzLII naipa nyota tano. Maktaba nayo ningeipa tano, ila inafungwa mapema.