One Piece ya 4Kids: Sanji na pipi yake ya kijiti

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aende zake: nyota 2 kati ya 5, na moja hapo ni ya kucheka tu.

Ninayoizungumzia sio hii One Piece mnayoiangalia nyie wa juzi, katuni ya Kijapani ya kijana Luffy na kundi lake la maharamia. Ni ile ya Kiingereza iliyotengenezwa na kampuni ya 4Kids kule Marekani, ikaanza kurushwa Septemba 2004 kwenye katuni za Jumamosi asubuhi za Fox. Mimi nilikutana nayo kwenye sidii ya kuchoma, imeandikwa kwa makapeni WAN PISI, niliazima kwa binamu na nikajua ndo yenyewe, nani angeniambia kuna nyingine. Sasa mwezi uliopita nikaamua niirudie nikiwa tayari nimeshaiona ya Kijapani, laptop huku simu kule, nalinganisha sini kwa sini kama mhasibu anayetafuta hela iliyopotea.

Kila mtu huwa anaanza na pipi, haya na mimi nianze na pipi. Sanji ni mpishi wa meli na anavuta sigara muda wote, ndo alivyochorwa. 4Kids wakaona watoto wa Jumamosi asubuhi wasionyeshwe fegi, wakaifuta wakamchomekea pipi ya kijiti. Tatizo mkono haukuchorwa upya aisee, jamaa anaishika kwa vidole viwili, anaitoa mdomoni taratibu, anatazama baharini kwa mawazo mazito kama mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita, halafu ni pipi. Nani ananyonya pipi hivyo? Na juu ya hapo wakampa lafudhi ya Brooklyn, yaani huyu anayejifanya bwana mstaarabu mbele ya kila mdada, akifungua mdomo unasikia konda wa New York. Smoker naye, mtu ambaye jina lake lenyewe ni moshi, akaitwa Chaser na sigara zake mbili zikafutwa. Zoro, mpiga panga wao, akawa Zolo.

Bunduki nazo ni kituko. Kuna pale mwanzoni Helmeppo anamwekea Koby bastola kichwani, kwenye ya 4Kids kile chombo kimekuwa nyundo iliyofungwa kwenye springi, sijui ndo silaha gani hiyo, sijawahi kuiona hata kwenye duka la midoli, na Koby anatetemeka jasho linamtoka kwa kuogopa nyundo ya springi. Nilirudisha nyuma mara tatu nikijua macho yangu ndo mabovu.

Haya mpaka hapo ni vichekesho, ningeishia hapo ningewapa nyota tatu na rap yao ya mwanzo ningeiimba. (Ndio walitoa wimbo wa "We Are!" wa Hiroshi Kitadani wakaweka rap ya maharamia, na msinipige mawe, ile rap ikikuingia kichwani siku nzima haitoki.) Kilichoniuma mimi ni vifo.

Chukua Bellemere, mama yake Nami, yule binti wa kwenye kundi la Luffy. Ya Kijapani iko hivi: Arlong na genge lake la watu samaki wanavamia kisiwa, kila mtu alipie kichwa chake, mkubwa 100,000 mtoto 50,000, asiyelipa anauawa. Bellemere amejipapasa kote ana 100,000 tu. Angeweza kuwakana wale mabinti wawili maana hakuwazaa, aliwaokota vitani, na hela ile inamtosha yeye. Akasema ni ya wanangu. Akapigwa risasi mbele yao. Hapo ndo unaelewa kwanini Nami miaka nane anaiba hela kama kichaa na kwanini anamtumikia mtu aliyemuua mama yake. Kwenye ya 4Kids risasi hakuna, eti Bellemere kachukuliwa kafungwa gerezani. Haya kama kafungwa, kwanini hakuna hata mtu mmoja pale kijijini anayesema twende tukamtoe? Binti anakusanya hela anunue kijiji halafu mama yake hamuulizii? Walitaka kumficha mtoto huzuni, wakaishia kumfanya Nami aonekane hana akili. Utoto wetu hatukuliona hilo, tulijua tu kuna kitu hakikai sawa.

Kuina vilevile, rafiki wa utotoni wa Zoro. Asili alianguka ngazi akafa, kifo cha kijinga kabisa kisicho na ushujaa wowote na ndo maana kinauma, wao wakasema kaumizwa hawezi tena kushika upanga. Basi ule upanga mweupe wa Kuina anaotembea nao Zoro unabaki upanga tu.

Halafu kuna Laboon, na hapa naomba mnivumilie. Episodi 143 za kwanza za Kijapani, 4Kids wakazibana zikabaki 104. Kubana sio dhambi, One Piece ina episodi unaweza ukaenda kukaanga chipsi ukarudi hujapitwa na kitu. Ila angalia walichotupa. Mwanzoni mwa safari yao kwenye bahari ya Grand Line wanakutana na nyangumi mkubwa kama mlima anajigonga kichwa ukutani mpaka damu, kwasababu maharamia aliosafiri nao walimwahidi watarudi na imeshapita miaka 50. Luffy anampiga, halafu anamwambia pambano letu halijaisha, nitarudi, anamchorea bendera yao kichwani ili aache kujiumiza. Episodi ya 62 na 63. 4Kids wakaifuta yote, pale alipokaa nyangumi wakaweka mwamba wa barafu. Barafu! Sasa ukienda mbele huko kwenye episodi 330 na ushee anatokea Brook, yule mifupa mpiga muziki, na baadaye inajulikana yeye ndo alikuwa kwenye lile kundi lililoahidi kurudi. Mtu mzima nililia pale, sioni aibu. Aliyekulia kwenye ya barafu analia nini? Yale majitu mawili ya Little Garden, Dorry na Brogy, yaliyopigana miaka 100, nayo walikata, na Usopp, mwenzao wa melini, ndoto yake ya kwenda kwa majitu inaanzia pale.

Ila msije mkadhani Wajapani wenyewe ni malaika. Kwenye manga, yaani kitabu cha michoro cha asili, Zeff aliyemlea Sanji anakwama naye kwenye mwamba wa bahari bila chakula, chakula chote anampa mtoto, yeye anajikata mguu anaula. Ndio, anaula. Studio ya Toei walipoitia kwenye televisheni wakabadilisha, mguu ukawa umepotea wakati anamwokoa Sanji majini. Kwahiyo mkasi ulianza kule kule Tokyo. Tofauti ni kwamba kwenye ya Toei Sanji bado anadaiwa mguu wa mtu, deni lipo palepale.

Na kichekesho ni hii ya Netflix ya 2023, ile ya watu halisi iliyopigwa Cape Town. Humo Zeff kala mguu wake kama manga, na Bellemere kapigwa risasi. Sigara tu ndo Sanji hana. Kwahiyo baada ya miaka karibu 20 Magharibi wamekubali mtu kujila mguu lakini fegi bado hapana.

Kuna mabadiliko ninayoyaunga mkono pia. Jynx wa Pokémon alikuwa na uso mweusi tii na midomo minene, mwaka 2000 mwandishi Mmarekani mweusi Carole Boston Weatherford akalipigia kelele na baadaye akawa zambarau. Hapo sawa, tena walichelewa.

Mtu ataniambia mbona hata sisi tulilelewa na kina Lufufu na DJ Afro, wanatafsiri muvi na kuongeza ya kwao, Mchina anapewa jina la kibongo na utani wa Manzese. Kweli. Lakini DJ anaongea juu ya picha, sauti ya mwenyewe unaisikia kwa chini na mtu akifa anakufa, unamwona. Akikudanganya unamshtukia. 4Kids waliingia mpaka kwenye picha yenyewe.

Desemba 2006 waliachana nayo, 2007 wakaichukua kampuni nyingine, Funimation, na 2008 wakaanza kutoa DVD ambazo hazijakatwa kuanzia episodi ya kwanza. Kama una mdogo wako anaanza leo mpe hiyo au ya Kijapani yenye maandishi chini. Ya 4Kids weka siku mpo washkaji wengi na umeme upo, rukeni moja kwa moja mpaka ile ya nyundo ya springi.

Sidii ya binamu bado ninayo. Imekwaruzika inagandia pale pale kwenye barafu.